Bethdei ya mtoto Italia: vijana wetu waulize kabla keki haijakatwa

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuseme na wazazi, mawakala na vijana wa pwani wanaojiandaa kwenda Italia kukaa na familia. Wako wanaokwenda kwa mpango wa "alla pari", yaani kusaidia kulea watoto wa nyumba kwa kupewa chumba, chakula na pesa za matumizi, na wako wanaokwenda kusoma wakapokelewa nyumbani mwa watu. Maandalizi yao hapa kwetu huishia kwenye pasipoti, viza na tiketi. Ni nadra kumpata anayewaeleza la kufanya siku mtoto wa nyumba ile anapotimiza miaka mitatu, sebule imejaa shangazi na wajomba, keki iko mezani, na bibi mzaa mama anamtazama kijana wetu toka juu hadi chini akitaka kujua huyu ni nani.

Bibi ana haki ya kuuliza. Siku za kawaida kijana huishi nyumbani mle bila nafasi yake kuhitaji jina. Siku ya sherehe lazima awe kitu: mgeni, ndugu au mfanyakazi. Njia rahisi ya kujua amewekwa wapi ni kusikiliza mama mwenyeji anavyomtambulisha. Akisema "la tata", amesema yaya. Akisema "la nostra ragazza alla pari", amesema kijana wetu wa alla pari. Akisema "un'amica di famiglia", amesema rafiki wa nyumba. Kila neno lina kazi zake na mipaka yake, na kijana asingoje kulisikia mbele ya watu thelathini. Aulize wiki moja kabla, kwa upole na bila kuzunguka: "Sabato come posso aiutare, e a che ora finisco?" Jumamosi nisaidie nini, na nitamaliza saa ngapi?

Nusu ya pili ya swali hilo ndiyo vijana wetu huiona aibu kuitamka. Haina aibu yoyote. Mkataba wa Ulaya kuhusu vijana wa alla pari ulitiwa saini Strasbourg tarehe 24 Novemba 1969, na Italia iliuridhia kwa sheria namba 304 ya mwaka 1973. Mkataba huo unasema kwa kawaida kazi isizidi saa 5 kwa siku, na kijana apate siku moja nzima ya mapumziko kila wiki, ambayo angalau mara moja kwa mwezi iwe Jumapili. Sasa piga hesabu ya sherehe: kupuliza maputo asubuhi, kwenda kuchukua pizza, kupanga meza, kuchunga watoto, kuosha na kufagia. Ukianza saa tatu asubuhi ukamaliza saa mbili usiku, ni saa 11. Familia nyingi hazina nia mbaya. Zimechangamka tu na kusahau kutazama saa. Mkikubaliana mapema kwamba mapumziko ya Jumamosi yahamie Jumatatu, na makubaliano hayo yakaandikwa kwenye ujumbe wa simu, kijana atatoa msaada wa ziada kwa moyo mweupe na hakuna atakayenung'unika.

Tukija kwenye saa zenyewe. Mwaliko huandikwa "ore 16.30", nayo ni saa kumi na nusu alasiri. Kwa mdomo wanasema "alle quattro e mezza", nne na nusu, na kijana aliyekua na saa za Kiswahili kichwa humpeleka saa nne na nusu asubuhi. Aongeze sita kila mara, na akiwa na shaka atazame tarakimu. Mwaliko wa watoto huwa na saa ya kumaliza pia, mara nyingi saa moja jioni, na saa hiyo huheshimiwa. Kuchelewa dakika kumi si neno. Kubaki nusu saa baada ya wengine kuondoka ni neno. Na kama nyumbani kwetu watapigiwa simu ya video wamwone mtoto akizima mishumaa, Italia iko nyuma yetu kwa saa mbili majira yao ya baridi na saa moja majira ya joto.

Kosa la kwanza wanalofanya watu wetu hutokea hata kabla ya sherehe. Kwetu kumtakia mtu heri siku mbili mapema ni ukarimu. Kwa Waitaliano "auguri" ya mapema inaleta mkosi, na mtu mzima atakuzuia kabla hujamaliza neno. Ndiyo maana mtoto aliyezaliwa Jumatano hufanyiwa sherehe Jumamosi inayofuata, si iliyotangulia. Waliozaliwa Julai na Agosti wana shida ya pekee: shule zimefungwa tangu Juni, na Ferragosto, tarehe 15 Agosti, miji hubaki mitupu kwa watu kwenda baharini na milimani. Sherehe ya marafiki wao husogezwa hadi Septemba, ile ya ukoo hufanywa palepale walipo.

Kwa kawaida sherehe huwa mbili. Ya ukoo ni mlo wa mchana wa Jumapili, wa kukaa mezani saa tatu nzima, wenye babu, bibi na wazazi wa ubatizo wa mtoto. Ya marafiki ni ya alasiri, nyumbani, kwenye ukumbi wa parokia au kwenye jumba la michezo la kukodi. Shuleni nako huweza kuwa na keki, lakini shule nyingi za watoto wadogo hazipokei chakula kilichopikwa nyumbani: wanataka cha dukani, chenye karatasi ya viambato. Kijana asijitolee kuwaokea darasa zima kabla mama hajauliza shule.

Salamu. Vijana wa Malindi, Watamu na Zanzibar wana bahati ya kukisikia Kiitaliano tangu utotoni, lakini Kiitaliano cha ufukweni kimeumbwa kwa ajili ya biashara. "Ciao bella" anayotupiwa mtalii haisemwi kwa bibi wa miaka sabini sebuleni kwake. Kwa wazee ni "buongiorno", na ikishafika alasiri ni "buonasera", kisha "signora" au "signor". Watumie "Lei", namna ya heshima, mpaka mzee mwenyewe aseme "dammi del tu", yaani niite kwa "tu", namna ya kawaida. Anayejua uzito wa shikamoo hahitaji somo refu hapo. Asimwite bibi "nonna" kabla hajaruhusiwa. Na akiwa kusini, Calabria au Sicilia, akimsifu mtoto kwa uzuri ataona wazee wanangoja neno moja zaidi: "benedica". Ni masihala kwa vijana wao wa mjini, lakini wazee wanaliogopa jicho la husuda kama wanavyoliogopa wazee wa Lamu na Pemba, na neno hilo linafanya kazi ya mashallah.

Kuna mila zetu tatu zinazofaa kuachwa uwanja wa ndege. Ya kwanza ni kumwagia mwenye bethdei maji. Kwetu ni furaha. Kule utamtia mama hofu ya kweli. Waitaliano wanaamini kwamba mtoto aliyetoka jasho akipigwa na ubaridi ataugua, kiasi kwamba mtoto akikimbia sana bibi humwingiza mkono mgongoni chini ya shati, akikuta jasho anambadilisha fulana ya ndani palepale. Kijana akijifunza kufanya hivyo bila kuambiwa, atakuwa amepanda daraja machoni pa bibi kwa siku moja. Kwa imani hiyohiyo, sherehe ikiwa baharini au kwenye bwawa, mtoto harudishwi majini mara baada ya kula. Wengi hungoja saa mbili hata tatu. Iwe una maoni yako au huna, mtoto si wako.

Ya pili ni kulishana keki. Kule mtoto huzima mishumaa, mama hukata, na kila mtu hupewa kipande kwenye sahani yake. Kumtia mtoto wa mtu kitu mdomoni kwa mkono wako, tena mtoto ambaye huenda ana mzio, ni jambo la kuwashtua wazazi. Ya tatu ni kutunza, kumbandika mtu noti mbele ya kadamnasi huku watu wakishangilia. Pesa huko hutolewa na babu na bibi kwa bahasha, kimyakimya.

Wao nao wana yao. Wimbo una sauti ileile tunayoijua, kwa maneno "Tanti auguri a te", na jina la mtoto hutajwa katika mstari wa tatu. Taa huzimwa, mtoto anaambiwa aombe jambo moyoni kabla ya kupuliza. Baadaye kuna watakaomvuta masikio, mara moja kwa kila mwaka aliotimiza. Huvutwa taratibu na watu wa nyumbani. Kijana asishtuke, na asianzishe yeye. Watu wazima wakiinua glasi za kutakiana heri, wengi hawapendi mtu agonganishe glasi ya maji, wanasema ni mkosi. Asiyekunywa pombe achukue juisi, amtazame machoni kila anayegongana naye, na hakuna atakayemuuliza.

Sasa chakula, maana vijana wengi wa pwani ni Waislamu, na hapa ndipo kunyamaza kunapowaumiza zaidi. Meza ya watoto huonekana salama: vimkate laini, vipande vya pizza, vijisoseji vilivyoviringishwa kwenye unga, chipsi, bisi. Lakini ndani ya vile vimkate kwa kawaida ni "prosciutto cotto", paja la nguruwe lililochemshwa, la rangi ya waridi na la kukatwa nyembamba. Vile vijisoseji, "wurstel", vinaweza kuwa vya nguruwe, vya kuku au mchanganyiko. Paketi ndiyo inayosema. "Strutto" ni mafuta ya nguruwe, na hutiwa kwenye baadhi ya mikate bapa. "Colla di pesce" kwa maana ya neno ni gundi ya samaki, na jina hilo limewapoteza wengi: zile karatasi ngumu zinazogandisha krimu mara nyingi ni za nguruwe. Upande wa vinywaji, keki za Kiitaliano hulainishwa kwa shira iitwayo "bagna", na ile ya watu wazima hutiwa ramu au "alchermes", kileo chekundu kama damu ya mzee. Keki ya watoto huagizwa "con bagna analcolica", yaani kwa shira isiyo na kileo. Maswali ni mawili tu ya kukariri: "C'è maiale?", kuna nguruwe? na "C'è alcol?", kuna kileo? Yaulizwe kwa mama, jikoni, kabla ya sherehe, si mbele ya wageni kwa kuonyesha kidole kwenye sahani.

Anayefunga aseme mapema, na ambaye dini yake haisherehekei siku za kuzaliwa naye aseme mapema. Familia ikijua wiki moja kabla hupanga, na kijana anaweza kusaidia kuchunga watoto bila kuimba wala kula. Ikijua saa ya keki, huona imekataliwa.

Kiasi. Tuchukue watoto 15 na watu wazima 10. Trei ya oveni ya sentimita 60 kwa 40 hutoa vipande 35 vya pizza vya sentimita 8 kwa 8, basi trei mbili zinatosha kabisa. Keki huuzwa kwa uzito: gramu 100 hadi 120 kwa mtu, hivyo kilo mbili na nusu hadi tatu, na huagizwa siku tatu au nne kabla. Watoto hula kidogo kuliko wanavyoomba. Maji ndiyo huisha kwanza, na hilo hutokea kila mahali.

Nyumba nyingi bado huoka keki zenyewe, na hapo kijana huitwa jikoni. Jambo la kwanza ni mizani. Huko vipimo ni gramu, wala si vikombe, na mpishi wetu hodari wa kukadiria kwa jicho ataharibu keki ya kwanza. Msingi wa keki ni "pan di Spagna": mayai 5 yasiyo ya baridi, sukari gramu 150, unga wa ngano "00" gramu 150, chumvi chembe, ganda la limau lililokwanguliwa. Kipimo hiki ni cha chombo cha sentimita 22 na kinatosha watu 10 hadi 12. Hakuna hamira wala beking pauda, kwa kuwa kinachoinua ni hewa iliyoingizwa kwenye mayai. Mayai na sukari hupigwa kwa mashine dakika 15, mpaka ukiinua mchapo ule uji unaanguka kama utepe na alama yake inakaa juu kidogo kabla ya kuzama. Waitaliano husema mchanganyiko "unaandika". Ndipo unga uchekechwe juu yake kwa awamu tatu, ukichanganywa kwa mwiko laini kutoka chini kwenda juu. Ukikoroga kwa kuzungusha kama uji wa mtoto, hewa yote inatoka na keki inakuwa bapa na ngumu kama kiatu. Oveni nyuzi 170, dakika 35 hadi 40, na mlango usifunguliwe nusu saa ya kwanza, la sivyo katikati kutabonyea.

Iokwe siku moja kabla. Keki ya siku ileile ikikatwa matabaka huvunjikavunjika. Shira ya watoto ni maji mililita 200, sukari gramu 100 na ganda la limau, vichemke dakika mbili vipoe. Hiyo inatosha matabaka matatu, ikizidi keki inateleza pembeni. Krimu ya ndani, "crema pasticcera", ni nusu lita ya maziwa, viini 4, sukari gramu 120 na wanga wa mahindi gramu 45. Viini, sukari na wanga vichanganywe kwanza, maziwa ya moto yatiwe kidogokidogo huku unakoroga, kisha virudi kwenye moto mdogo hadi vizito. Ukimwaga maziwa yote kwa mara moja unapata mabonge. Ikishaiva ifunikwe kwa karatasi ya plastiki inayoigusa krimu yenyewe, isifanye ngozi juu.

Dukani kuna mitego miwili ya majina. "Panna da cucina" ni krimu ya kupikia mchuzi wa tambi, haitapanda hata ukiipiga hadi usiku. Ya kupambia keki ni "panna fresca" au "panna da montare", nayo lazima itoke kwenye friji ikiwa baridi sana, na bakuli pia liwe baridi. Mililita 500 kwa sukari ya vumbi gramu 50. Acha kupiga mara inaposimama, dakika moja zaidi inageuka chembechembe za siagi. Mtego wa pili: "lievito di birra" ni hamira ya mkate, "lievito per dolci" ni beking pauda, kipakiti cha gramu 16 kwa unga gramu 500. Anayetaka kuwaonjesha mandazi atumie ile ya kwanza: unga gramu 500, hamira kavu gramu 7, tui mililita 250, sukari gramu 80, na iliki kidogo kuliko ya kwetu, kwa sababu watoto wasioizoea huitema. Sahani ya mandazi iwekwe na karatasi ya viambato mbele yake.

Karatasi hiyo si ya pambo. Sheria ya Ulaya namba 1169 ya mwaka 2011 imeorodhesha vyakula 14 vinavyosababisha mzio na vinavyopaswa kutajwa, vikiwemo ngano, mayai, maziwa, karanga, lozi na jamii yake, na ufuta. Nyumbani sheria haikufuati, lakini mtoto ni yuleyule. Kwa mtoto mwenye "celiachia", ambaye ngano humdhuru utumbo, makombo tu yanatosha. Keki yake ikatwe kwanza, kwa kisu safi, kwenye sahani yenye mfuniko, na asipewe kipande kilichoguswa na kijiko cha keki nyingine.

Kukabwa na chakula ndilo jambo tunalowasihi vijana walichukulie kwa uzito kuliko yote yaliyo katika barua hii. Zabibu na nyanya ndogo zikatwe nne kwa urefu. Soseji ikatwe kwa urefu kwanza, kisha vipande vidogo, kamwe isikatwe miduara, maana mduara wa soseji unaziba koo la mtoto kama kizibo cha chupa. Bisi, karanga na peremende ngumu ziwe mbali na walio chini ya miaka minne au mitano. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asionje asali hata kwa ncha ya kidole. Watoto wale wakiwa wamekaa. Puto lililopasuka liokotwe papo hapo, vipande vyake ni hatari kuliko vinavyoonekana. Mtoto akikohoa kwa nguvu aachwe akohoe. Akishindwa kukohoa, kulia na kupumua, mtu apige 112 huku mwingine akimwinamisha na kumpiga mara 5 kwa kiganja katikati ya mabega. Isipotoka, aliyezidi mwaka mmoja abanwe tumbo juu ya kitovu mara 5 kutoka nyuma, na wa chini ya mwaka abonyezwe kifua mara 5 akiwa amelala chali. Kijana ajifunze haya kwa mikono hapa nyumbani kabla ya safari.

Zawadi hazina haja ya kuwa ghali. Kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa, mara nyingi watu huchanga euro chache kila mmoja ikanunuliwa zawadi moja. Kijana anaweza kutoa yake ndogo nyumbani. Ushanga wa Kimaasai ni mzuri, ila si kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu: chochote kinachopita ndani ya kigogo cha karatasi ya chooni kinaweza kumkaba. Kanga kwa mama hupokewa kwa furaha sana, hasa jina lake likifasiriwa kwenye kadi. Maua yasiwe "crisantemi", hayo ni ya makaburini. Kutoka kwetu asibebe nyama wala vitu vya maziwa, vimepigwa marufuku mpaka wa Ulaya, na embe bila cheti cha afya ya mimea litaishia kwenye pipa la forodha. Nazi, ndizi, nanasi na tende havihitaji cheti hicho. Cha kununua Italia kiombewe "scontrino di cortesia", risiti isiyo na bei, iwekwe ndani ya zawadi ili ibadilishwe ikibidi. Zawadi kwa kawaida hufunguliwa mbele ya wote baada ya keki, basi kijana asiione ni pupa.

Picha. Kijana atatamani kuwaonyesha wa nyumbani, na ni haki yake kutamani. Lakini picha ya mtoto wa mtu haipandishwi mtandaoni bila idhini ya wazazi wote wawili, na kwenye sherehe kuna watoto wa familia kumi na tano tofauti. Apige picha ya keki na mikono yake mwenyewe, au aombe kupigwa na mwenye bethdei peke yake, aulize kama anaweza kuituma kwa mama yake tu.

Mwisho wa sherehe kila mtoto hupewa kifuko kidogo cha peremende au kichezeo mlangoni, na mara nyingi kazi hiyo hupewa kijana wetu. Avihesabu asubuhi na kuongeza vitatu, kwa ajili ya wadogo wanaokuja bila kualikwa. Kisha inabaki taka, nayo Italia hutenganishwa. Karatasi ya zawadi iliyo wazi huenda kwenye karatasi. Ile inayong'aa kwa plastiki, pamoja na riboni na maputo, huenda kwenye taka zisizotenganishwa. Mabaki ya keki huenda kwenye taka za chakula, na chupa za glasi kwenye glasi. Ratiba ya siku za kutoa kila pipa hutofautiana mji hadi mji, na mara nyingi imebandikwa jikoni, kwenye mlango wa friji.

Ni sisi,
Walimu wa Kiitaliano,
Malindi.